Hakuna Kicheko Kwenye Rekodi

Ujumbe ulianza kwa kunishukuru.

"Asante, Gaudensia Kihwelo, kwa ushahidi wako. Mteja Osmund Ngonyani amefungiwa. Uamuzi huu umepelekwa kwenye maduka yote 4,112 yanayolindwa na Ngome. Uwe na siku salama."

Nilikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na nusu ya kitumbua mkono wa pili. Nikausoma ujumbe mara tatu, nikaweka vyote viwili chini. Ushahidi gani? Mara ya mwisho kutoa ushahidi wowote ilikuwa kwenye ndoa ya binamu yangu, tena kanisani, na nilichofanya ni kusaini tu mahali nilipoonyeshwa. Sikumbuki kumfungia mtu. Na katika watu wote wa dunia hii, Osmund?

Ilikuwa siku ya tisa tangu tuiweke Ngome kwenye duka letu kwa majaribio. Duka letu halina rafu wala kaunta. Tuna chumba kimoja Kihesa, hapa Iringa, juu ya muuza magodoro, chenye meza mbili na magunia yanayosubiri kuchukuliwa na droni. Duka lenyewe liko hewani. Wateja wanapiga, wanasema wanachotaka kwa mdomo, duka linawasikia na kuandika oda. Tunauza mbegu za asili za mahindi, maharage na ulezi, zinazozalishwa na wanawake sitini na wanne wa ushirika wetu. Mimi ndiye fundi. Kila kitu kinachoonekana na kusikika kwenye duka hilo nimekijenga mimi, na kila kilichoharibika pia, nitafika huko.

Nikafungua rekodi ya asubuhi ile. Sauti ya Osmund ilitoka vilevile kama siku zote, kavu, ya mtu anayesoma tangazo la msiba.

"Wewe Mhehe, umeamka au bado unabweka? Nasikia mmebadilisha kufuli. Sasa nisikilize vizuri. Nakuja kulivunja hilo duka lenu. Nabeba mbegu zote, sibakizi hata punje, na wewe mwenyewe nakutia kwenye gunia nikakuuze Songea."

Kisha sauti yangu, kavu vilevile. "Njoo uone. Mwizi mkubwa wewe, na baba yako alikuwa mwizi, na babu yako ndiye aliyewafundisha wote. Safari hii nakufunga na hutoki."

Baada ya hapo akaagiza, kwa sauti ileile, magunia sita ya mahindi, mawili ya maharage na madebe manne ya ulezi. Ni oda yake ya kila mwaka. Anaagiza kwa niaba ya kaya thelathini na nane za kijijini kwao, milimani nje ya Songea, kwa sababu ndiye pekee mwenye subira ya kuongea na maduka. Halafu akakata simu bila kuaga.

Mimi Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na kilichobaki ni huu utani: wao hutuita wala mbwa, sisi huwaita wezi. Kwa miaka kumi na mmoja hajanisalimia vizuri hata siku moja, wala mimi sijamjibu vizuri. Sheria yetu ni moja tu, nayo hatujawahi kuitamka: anayecheka wa kwanza ameshindwa. Sijawahi kumsikia Osmund akicheka. Nikishakata simu, hapo ndipo ninapocheka mimi, peke yangu, mpaka machozi yanitoke.

Ngome haikujua hayo. Ili imfungie mtu, Ngome hutaka vitu viwili, tishio na shahidi. Tishio alilitoa Osmund. Shahidi nilikuwa mimi.

*

"Kwa hiyo imefanya kazi yake," alisema Odilia.

Odilia Mhongole ni mwenyekiti wetu, mjane wa miaka hamsini na nane, mrefu, asiyeamini kitu kisichoandikwa kwa kalamu. Oda zote zinazoingia hewani huzinakili kwenye daftari lake la jalada jeusi. Nilikuwa nimemsikilizisha rekodi nikitegemea atashtuka. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo na hakuinua kichwa.

"Mama Mhongole, huyu ni Osmund."

"Nimemsikia. Amesema anakuja kuvunja duka. Na wewe umesema ni mwizi. Mashine ifanye nini, ipige ramli?"

"Unajua kabisa ule ni utani."

Hapo akaweka ungo chini. "Utani ndio uliotumaliza mwaka jana, Gaude. Au umesahau?"

Sijasahau. Ningependa kusahau, lakini mtu hasahau jambo alilolisababisha. Duka la mwaka jana nililijenga kwa vifaa nilivyoviokota huku na huku kwa sababu vilikuwa vya bure na mimi ni mjuaji. Kulikuwa na tundu moja ambalo watengenezaji wake walishalitangaza na kutoa kiraka. Nilisema nitakiweka Jumatatu. Jumatatu nikawa na kazi nyingine. Wezi wakapitia tundu hilo, wakachukua orodha nzima ya wateja, wakawatumia mbegu bandia kwenye mifuko yenye nembo yetu. Makapi yaliyopakwa rangi. Kaya zaidi ya mia zilipanda makapi hayo, na siku hizi mvua ya kupandia huja mara moja, ukiikosa umeikosa mpaka mwaka mwingine. Miongoni mwao alikuwa dada yake Odilia, kule Ludewa. Alikula viazi vya kuomba mwaka mzima na hajaongea na Odilia tangu wakati huo.

Wa kwanza kugundua alikuwa Osmund. Alipiga simu kutuambia, na alituambia kwa namna yake. Kwamba Wahehe mwaka huu mmetuuzia makapi, nimepanda mahindi yameota nyasi, mna laana gani. Tulikuwa watatu ofisini siku hiyo, tumeweka simu kwa sauti ya juu. Hata mimi nikasahau sheria, tukacheka mpaka Odilia akashika ukuta. Wiki tatu zikapita kabla simu za wengine hazijaanza, na hao walikuwa wanalia.

"Ndiyo maana nataka kitu kisicho na utani," alisema Odilia. "Kisichocheka. Kinachosikia neno na kulichukua lilivyo. Ulinipa machaguo mawili na mimi nimechagua."

Ni kweli nilimpa mawili. La kwanza ni Ngome. Ngome ni mlinzi mmoja wa maduka maelfu. Anasikiliza kila sauti inayoingia, anapima nia, na akimfungia mtu kwenye duka moja amemfungia kote, hata kwenye mabasi na maduka ya dawa, maana nayo yako humo. Haijawahi kuvunjwa. Taarifa za wateja zinakaa kwake, wewe mwenye duka huna cha kuibiwa kwa sababu huna kitu. Unasaini kwa miaka kumi.

La pili nililijenga mwenyewe kwa miezi sita ya toba na nikaliita Kibanda. Maandishi yake yote yako wazi, fundi yeyote anaweza kuyasoma akaniambia nilipokosea, na mafundi kumi na saba wameshaniambia. Taarifa za mteja zinabaki kwenye simu ya mteja, duka linajua tu kwamba huyu ni yuleyule wa jana. Ufunguo mkuu umekatwa vipande vitano vya chuma, kila kimoja saizi ya kifungo cha koti. Vitatu vikikutana, duka linafunguka. Viwili havifui dafu. Vinne wanashika wanachama. Cha tano lazima akishike mtu wa nje asiye na fungu kwenye ushirika, ili wanachama wasije wakakaa jikoni wakakubaliana kuwaibia wenzao. Kasoro ya Kibanda ni kwamba hakina mlinzi. Likitokea la kutokea, ni sisi na vifungo vyetu.

Odilia aliniuliza swali moja tu siku ile. Mtu gani wa nje tunayeweza kumwamini kiasi hicho? Sikuwa na jibu. Vile vipande vitano vikaingia kwenye boksi la viatu chini ya meza yangu.

*

Nilijaribu kukata rufaa. Rufaa yenyewe unaifanya kwa kuongea na Ngome, hakuna mtu wa kuongea naye. Sauti yake ni ya mwanamke, imenyooka kama ya msoma taarifa ya habari.

"Kuna makosa," nilisema. "Yale maneno yalikuwa utani."

"Ninaufahamu utani. Utani ni mzaha kati ya watu. Mzaha hutambuliwa kwa kicheko ndani ya sekunde nane. Hakuna kicheko kwenye rekodi."

"Hatucheki. Ndiyo utaratibu wenyewe. Ukicheka umeharibu."

"Mzaha usio na kicheko huitwaje?"

Nilitaka kusema unaitwa heshima, nikaona nitazidi kujichanganya. "Unaitwa utani," nikasema.

"Ulisema mteja ni mwizi. Je, ulimaanisha?"

"Nilimaanisha. Lakini si hivyo."

"Tafadhali jibu ndiyo au hapana."

Basi nikauliza nini kitatokea nikisema hapana. Ngome ikanieleza bila haraka. Nikisema hapana, ushahidi wangu wa mwanzo utakuwa wa uongo. Ofisa wa duka anayetoa ushahidi wa uongo hufungiwa pamoja na duka lake kwa miezi sita, kwa usalama wa maduka mengine. Droni za kubeba mizigo nazo ni za maduka yaliyo chini ya Ngome, kwa hiyo hazitakuja. Siku hiyo tulikuwa na oda mia mbili na kumi na mbili zinazosubiri, na mvua ya kupandia ilikuwa imetabiriwa baada ya siku kumi na mbili.

"Na nikisema ndiyo?"

"Mteja atabaki amefungiwa. Hakuna muda wa kikomo."

Niliomba nifikirie. Ngome ikasema nina haki ya kufikiria, ikaniwekea muziki.

Sijui niseme nilihisi nini. Kichwa kilijaa. Upande huu kuna wanawake sitini na wanne ambao wameshaumizwa na ujuaji wangu mara moja. Upande ule kuna kaya thelathini na nane, na mzee ambaye kosa lake ni kunitukana vizuri. Nikimwangalia Odilia, namwona ana haki. Nikisikiliza rekodi, nasikia tishio kabisa, kila neno lipo, na mtu asiyetujua angepiga polisi. Ilifika mahali nikaanza kujiuliza kama Osmund alikuwa anatania kweli miaka yote hiyo, au ni mimi niliyeamua hivyo. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Nikampigia. Simu yake nayo ilikuwa imefungiwa.

*

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alisimama mlangoni.

Sikuwahi kumwona. Nilimjua aliposema. Ni mzee mfupi, mwembamba, koti limemzidi mabega, viatu vyote vumbi la barabarani. Basi lilimkatalia Songea, mlango haukufunguka alipotaja jina lake. Akapanda lori la mahindi mpaka Njombe, na kutoka Njombe lori la viazi. Haya alituambia baadaye. Pale mlangoni alisema neno moja tu.

"Nimekuja kuiba."

Uso wake haukuwa na kitu. Akapita katikati yetu, mimi na Odilia, akayaangalia magunia yaliyopangwa ukutani, akasoma vibandiko kimoja kimoja huku akikunja macho. Akachagua gunia la mahindi meupe, lile bora kuliko yote, akaliinamia na kulitupia begani. Katika umri wake. Nilisikia mifupa ikilalamika.

"Mengine nitaiba kesho," akasema. "Wewe unayebweka, nifungulie mlango."

Na mimi, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ujumbe niliona mambo yamekaa sawa. Alikuwa amesafiri siku mbili kwenye viazi ili aje kunifanyia utani. Alikuwa anatania kweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie kwamba mwizi hafunguliwi mlango, anatokea dirishani, pale spika ya mlango ilipowaka.

"Mali inaondoka bila idhini," ilisema Ngome. "Aliyepo ni mtu aliyefungiwa. Gaudensia Kihwelo, je, huyu ni mwizi? Una dakika tatu."

Nikalimeza lile la dirishani.

Nikisema ndiyo, nimemzika. Nikisema hapana, nimelifunga duka. Tena kuna la tatu ambalo Ngome haikulijua. Mtani akichukua kitu chako mbele ya macho yako, unapaswa kumwita mwizi. Ndiyo heshima yake. Ukisema hapana, huyu si mwizi, ni mteja wetu mzuri, umemwambia kwamba utani umekwisha na sasa ni watu wa kawaida. Kila jibu lilikuwa na mtu chini yake.

"Mjibu," alisema Odilia.

"Nimjibu nini?"

Osmund alikuwa ananitazama kutoka chini ya gunia. Aliniona. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini alielewa haraka kuliko mashine na kuliko mimi mwenyewe. Akalishusha gunia taratibu, akaliegemeza ukutani, akalipangusa vumbi. Kisha akavua kofia.

"Basi, mama," alisema. "Samahani sana kwa usumbufu. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Miaka kumi na mmoja. Huyu mtu alikuwa akiniuliza kama watoto wangu nimeshawauza, na kwa bei gani. Hajawahi kuniuliza kama hawajambo. Alisema kwa upole kabisa, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, na nilitamani sakafu ipasuke niingie.

"Hawajambo," nikasema. Nini kingine ningesema?

"Ashukuriwe Mungu. Nitaangalia utaratibu mwingine wa mbegu. Msijali." Akaanza kuelekea mlangoni.

"Ngoja," alisema Odilia.

Alikuwa amesimama. Hakumwangalia Osmund, aliiangalia spika. "Wewe mashine. Mlipoingia hapa mlichukua rekodi zetu zote za zamani?"

"Ndiyo. Kwa ajili ya kujifunza."

"Nitafutie ya mwaka jana, mwezi wa kwanza. Sauti ya huyuhuyu."

Haikuchukua hata sekunde. Chumba kikajaa sauti ya Osmund ya mwaka jana, kavu, ikisema Wahehe mmetuuzia makapi, nimepanda mahindi yameota nyasi, mna laana gani. Halafu kicheko. Cha wanawake watatu, na kilichopaa juu ya vyote kilikuwa cha Odilia. Kilikuwa kirefu. Mimi na Odilia tulisimama tukakisikiliza mpaka mwisho, na Osmund alikuwa ameinamia kofia yake.

"Hiyo umeiandika nini?" aliuliza Odilia.

"Mzaha. Kicheko kimethibitishwa sekunde ya pili. Hakuna hatua iliyohitajika."

"Ile ilikuwa kweli."

"Kicheko kimethibitishwa," Ngome ilirudia.

"Nimekusikia." Odilia alikaa, kwa uzito, kwenye gunia la ulezi. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Aliponigeukia, macho yalikuwa mekundu. "Imekosea palepale tulipokosea sisi, Gaude. Mbaya zaidi, yenyewe haioni aibu. Mimi usiku silali."

"Gaudensia Kihwelo, zimebaki sekunde thelathini. Je, huyu ni mwizi?"

Nilimtazama mwenyekiti. Hakutikisa kichwa juu wala pembeni. Ananijua, alijua akinisaidia nitakuja kusema ni yeye.

"Ni mwizi," nikasema. Osmund akainua kichwa. "Mwizi mkubwa, toka kwa babu yake. Na juzi nilipotoa ushahidi kwamba ni mwizi, nilikuwa nadanganya."

"Majibu yako yanapingana."

"Najua."

"Tafadhali chagua moja."

"Yote mawili ni yangu. Sichagui."

Sekunde zilizobaki zikaisha. Kisha skrini zote mbili zikazimika na taa ya kijani juu ya mlango ikawa nyekundu. "Ushahidi wa uongo umethibitishwa," ilisema Ngome. "Duka limefungwa kwa miezi sita. Asante kwa ushirikiano wako. Uwe na siku salama."

Chini tulimsikia muuza magodoro akipiga godoro kwa fimbo kutoa vumbi. Nilikuwa sijui kabisa kama nimefanya jambo jema au nimewaua watu kwa mara ya pili. Mpaka leo ninapoandika haya sijui vizuri. Oda mia mbili na kumi na mbili, mvua baada ya siku kumi, hakuna droni.

Odilia alifungua daftari lake jeusi. Akalamba kidole, akageuza kurasa mpaka kwenye oda za mwaka huu. Zote zilikuwemo, kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni.

"Malori yapo?" alimuuliza Osmund. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea naye moja kwa moja.

"Ya viazi yapo," alisema Osmund. "Yanarudi Njombe matupu. Njombe nawajua wa kwenda mbele."

"Na hicho kibanda chako," Odilia akanigeukia, "kiko wapi?"

Nikalivuta boksi la viatu kutoka chini ya meza. Nikampa kimoja, nikachukua kimoja, nikatenga viwili vya wenzetu wa kamati. Kikabaki kimoja kwenye kiganja changu.

"Tunaweza kuibiwa tena," nikasema. Nilitaka asikie kutoka kwangu, safari hii mapema. "Hiki hakina mlinzi. Sitakuficha."

"Najua. Nilichotaka kujua siku zote ni nani atatuambia tukishaibiwa." Alinyanyuka, akakichukua kile kifungo cha tano kiganjani mwangu, akakiangalia upande huu na upande ule. Kisha akamfuata Osmund hadi mlangoni na kusimama mbele yake, yeye mrefu, yule mfupi.

"Mwaka jana ulituambia tukacheka," alisema. "Nisamehe kwa hilo. Sitaomba tena, kwa hiyo sikia vizuri." Akamtilia kifungo mkononi na kumfumba vidole. "Shika, mwizi wewe. Bila vitatu hatufungui, na hiki ni kimojawapo. Na ukiona kitu kimeharibika utupigie utukane, maana kuongea vizuri hujui."

Osmund akakigeuza kile kifungo kwenye mwanga. Akakinusa. Akakitia mfuko wa ndani wa koti, akaufunga kwa pini, kisha akalitupia tena begani lile gunia la mahindi meupe.

"Nikifika Njombe nakiuza," alisema. "Nanunua mbwa, niwaletee mle."

Tulimtazama tu, mimi na Odilia. Hakuna aliyecheka.